Umbo Tunalo, Ukuaji Bado: Picha za Pande Tatu za Fuvu na Uso wa Kijusi

Ile picha ya mtoto aliye tumboni inayosambazwa siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, yenye rangi ya kahawia inayong'aa, pua butu na ngumi iliyowekwa shavuni, haikupigwa kwa kamera. Hakuna mwanga uliogusa ngozi ya mtoto yule. Kilichomfikia ni mawimbi ya sauti yaliyorudi kama mwangwi. Kompyuta ikakokotoa mahali ambapo maji yanaishia na ngozi inaanzia, kisha ikapapaka rangi aliyoichagua mtengenezaji wa mashine. Rangi, kivuli na ulaini wa shavu ni mapambo. Cha maana ni vipimo vilivyo nyuma yake, na hivyo bibi anayetumiwa picha havioni.

Nauliza basi: mbinu hizi za kupiga picha za pande tatu zimetuambia nini kuhusu namna fuvu na uso wa binadamu vinavyokua kabla ya kuzaliwa? Jibu langu nalitanguliza ili msomaji alipime tukiwa njiani. Zimetupa umbo kwa kiasi cha kushangaza, lakini kuhusu ukuaji wenyewe zimetuambia kidogo. Umbo ni hali ya siku moja. Ukuaji ni mabadiliko ya kiumbe yuleyule kutoka wiki hadi wiki, na mbinu nyingi nitakazozitaja humwona kila kijusi mara moja tu.

Ugumu unaanzia kwenye kichwa chenyewe, kwani hakijengwi kwa njia moja. Mifupa ya paji na ya pembeni inayofunika ubongo huota moja kwa moja ndani ya utando bila kupitia gegedu. Sakafu ya fuvu, ubongo unapokalia, huanza kama gegedu na kugeuka mfupa taratibu. Uso nao hutokana kwa sehemu kubwa na seli zinazohama kutoka ukingo wa mrija wa neva na kujaza vivimbe vitano vinavyouzunguka mdomo wa awali: kimoja cha paji na pua, viwili vya taya la juu na viwili vya taya la chini. Kati ya wiki ya 4 na ya 8 tangu mimba itungwe, vivimbe hivyo hukutana na kuungana. Visipoungana sawasawa, mtoto huzaliwa na mdomo wa sungura. Kaakaa huchelewa zaidi. Sahani zake mbili hukaa wima kandokando ya ulimi, kisha ulimi hushuka, sahani huinuka na kulala, zikakutana katikati. Yote hayo hukamilika kufikia wiki ya 12 hivi, kijusi kikiwa hakijafika sentimita 10 kutoka utosini hadi makalioni.

Hapa pana mtego unaowanasa hata wasomi. Wanaochunguza viinitete maabara huhesabu wiki tangu mimba kutungwa, ilhali kliniki huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tofauti ni wiki mbili, na katika umri huo wiki mbili ndiyo tofauti kati ya mdomo ulioungana na ambao haujaungana. Asomaye makala ya kitaalamu bila kuuliza ni hesabu gani iliyotumika atalinganisha vitu visivyolingana.

Hamu ya kuona pande tatu ni ya zamani kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1880 Wilhelm His, Mswisi aliyefundisha Leipzig, alikata viinitete vya binadamu kwa mashine vipande vyembamba sana, akachora kila kipande chini ya hadubini, kisha akajaribu kukirudisha kiinitete kizima kutoka kwenye michoro. Mwaka 1883 Gustav Born wa Breslau aliirahisisha kazi. Kila mchoro ulihamishiwa kwenye bamba la nta lenye unene uliokuzwa kwa kiwango kilekile cha mchoro, mabamba yakakatwa kwa kufuata mistari, yakapangwa moja juu ya jingine kama silesi za mkate zinavyorudishwa kwenye umbo la mkate. Karakana ya kina Ziegler kule Freiburg ikatengeneza sanamu za nta zilizouzwa kwa vyuo vikuu vingi. Mantiki hiyo ya kukata, kuchora, kukuza na kupanga ndiyo inayotumika mpaka leo. Kilichobadilika ni kisu na nta.

Mwaka 1914 Franklin Mall alianzisha idara ya embriolojia ya Taasisi ya Carnegie mjini Baltimore, na mkusanyiko wake ukazaa hatua 23 ambazo kwazo dunia nzima hugawanya wiki 8 za kwanza. Timu ya Amsterdam ilizirudia slaidi zilezile za Carnegie, ikawakalisha wanafunzi wa udaktari kufuatilia kila kiungo kwenye skrini, na mwaka 2016 ikachapisha atlasi ya kidijitali katika jarida la Science. Mojawapo ya waliyoyaonyesha ni kwamba baadhi ya yale yanayofundishwa vitabuni kuhusu kiinitete cha binadamu yalikuwa ya kuku na panya. Mwaka uliofuata watafiti wa Paris wakaja na mbinu nyingine: kukifanya kiinitete kiwe angavu kwa kemikali, kutia neva na mishipa rangi zinazowaka, kisha kupitisha bapa la mwanga bila kukata chochote.

Mkusanyiko mkubwa kuliko wote uko Kyoto, Japani. Ulianzishwa mwaka 1961 na Hideo Nishimura na una vielelezo zaidi ya 40,000. Zaidi ya 1,000 kati yake vimepigwa picha za MRI, yaani picha za sumaku, za hali ya juu kabisa, na humo ndimo tulimopata mengi kuhusu namna pua inavyosogea, macho yanavyotoka pembeni kuja mbele, na taya la chini linavyoota. Sababu ya wingi huo inapaswa kutajwa bila kumung'unya maneno: sheria ya Japani ya mwaka 1948 iliruhusu utoaji mimba, na vielelezo vingi vilitokana na mimba zilizotolewa kwa sababu za kijamii. Kwa mwanasayansi hilo lina faida, kwa kuwa viinitete hivyo kwa kiasi kikubwa vilikuwa vinakua kawaida, tofauti na vya mimba zilizoharibika zenyewe, ambazo mara nyingi zina kasoro za kromosomu. Kwa upande wa maadili, ridhaa kama tunavyoielewa leo haikuwa desturi ya zama hizo, Baltimore wala Kyoto. Atlasi zetu za uso wa binadamu zimejengwa juu ya msingi huo, na sioni ubaya wa kulisema kila zinapotumika.

Tena, vielelezo hivyo vimekaa kwenye dawa, na dawa hukunyaza tishu. Kichwa kilichopimwa kwenye chupa si kikubwa kama kilivyokuwa tumboni, na sehemu laini hunywea kuliko gegedu. Anayepima uwiano wa uso na ubongo kwa vielelezo hivi anapima pia dawa iliyovihifadhi.

Walio hai walianza kuonekana kwa sauti. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha kazi yao ya utrasaundi katika The Lancet mwaka 1958, na muda si mrefu kichwa cha kijusi kikawa kitu cha kwanza kupimwa, maana fuvu hurudisha mwangwi vizuri. Mwaka 1968 Stuart Campbell aliboresha namna ya kupima upana wa kichwa kutoka mfupa wa pembeni mmoja hadi wa pili. Kipimo hicho kimoja kiliendesha kliniki za dunia kwa miaka mingi na bado kinatumika, ingawa kina udhaifu: kichwa cha mtoto aliyetanguliza makalio mara nyingi huwa kirefu na chembamba, upana ukapungua bila ubongo kupungua. Mzunguko wa kichwa ulipoongezwa, tatizo likapoa. Upana wa mstari mmoja haukutosha kueleza umbo.

Pande tatu zilifuata kupitia Kazunori Baba wa Tokyo, aliyeanza kuunganisha picha za utrasaundi za kijusi kwa kompyuta katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1989 kampuni ya Kretztechnik ya Austria ikaingiza sokoni mashine ya kwanza ya kuuzwa. Ndani ya kipimio kinachowekwa tumboni, sehemu inayotoa sauti hupepea taratibu kama feni, ikikusanya mamia ya picha bapa kwa sekunde chache. Kompyuta huzipanga kuwa mchemraba wa data unaoweza kukatwa kwa mwelekeo wowote baadaye, hata mama akiwa amesharudi nyumbani. Campbell huyohuyo wa vipimo vya 1968 ndiye aliyekuja kusambaza, miaka ya 2000, picha za vijusi vinavyoonekana kutabasamu. Sijui kama kuna maisha mengine ya kitaaluma yanayoonyesha vizuri hivyo jinsi fani ilivyotoka kwenye namba kuelekea kwenye sura.

Tumtazame mtaalamu anayetafuta kaakaa, maana hapo ndipo picha nzuri na picha yenye faida hutengana. Mdomo wa juu unaonekana kirahisi ikiwa kuna maji ya kutosha mbele ya uso, na kondo la nyuma au mkono havijaukinga. Kaakaa liko nyuma ya taya la juu, na mfupa wa taya hutupa kivuli cha sauti juu yake. Akiutazama uso kwa mbele ataona giza tu pale anapopahitaji. Basi huchukua mchemraba wake, anaugeuza kwenye skrini kana kwamba anautazama uso akiwa ndani ya kichwa, kisha anashuka bapa kwa bapa kutoka pua, akipita taya la juu na kaakaa, hadi taya la chini. Mbinu hiyo ya uso uliogeuzwa ilielezwa na Campbell na Christoph Lees mwaka 2003, na wengine wakatoa namna zao za kuuzungusha mchemraba. Haina picha ya kumtumia bibi. Lakini ndiyo inayomwezesha daktari kuwaambia wazazi kama pengo limeishia mdomoni au limeingia hadi kaakaani, na jibu hilo ndilo linalobadilisha mpango wa kumlisha mtoto na kumfanyia upasuaji.

Utrasaundi pia hudanganya. Mfupa wa fuvu unapokuwa sambamba na njia ya sauti, mwangwi haurudi, na kwenye picha hujitokeza tundu ambalo halipo. Asiyejua atalihesabu kuwa mshono uliopanuka au pengo la mfupa. Mishono yenyewe huonekana kwa mtindo wa kuonyesha mwangwi mkali peke yake, ngozi ikaondolewa na mifupa ikabaki. Hapo mtu huona utosi ukiwa wazi na mishono ikipita kati ya mifupa, na anaweza kushuku mshono ulioziba kabla ya wakati, hali inayompata takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 2,500. Ila kijusi kikitikisa kichwa sekunde hizo mbili tatu, mstari hupinda.

Kuna jambo la usalama ambalo biashara ya picha hupenda kulipitia haraka. Mfupa hufyonza sauti kuliko tishu laini, na kinachofyonzwa hugeuka joto. Ndiyo maana mashine huonyesha namba ya pekee ya joto kwenye mfupa, na wataalamu huagizwa kutumia nguvu ndogo na muda mfupi kadiri kazi inavyoruhusu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imewaonya wazazi kwa miaka mingi dhidi ya vikao vya picha za kumbukumbu visivyo na sababu ya kitabibu. Hakuna ushahidi kwamba vipimo vya kawaida vya kliniki vimedhuru watoto. Hoja ni kwamba dakika arobaini za kumsubiri mtoto ageuze uso ili apendeze si kipimo cha kawaida.

MRI iliingia mwaka 1983, watafiti wa Aberdeen walipochapisha picha za kwanza za kijusi. Kwa muongo mzima haikuwa na faida kubwa, kwani kila picha ilichukua dakika kadhaa na mtoto hakai kimya. Mageuzi yalikuja miaka ya 1990, bapa moja lilipoweza kupigwa kwa muda usiozidi sekunde moja hivi. Kila bapa likawa kali, lakini bapa na jirani yake hayakukaa pamoja, kwa vile kati ya moja na jingine mtoto alishageuka. Suluhisho lilitoka kwa wahandisi wa programu. Mabapa hupigwa kwa pande tatu, mengine kutoka mbele, mengine kutoka ubavuni, mengine kutoka juu, halafu kompyuta hukisia kila bapa lilitoka wapi hasa na kulirudisha mahali pake, ikirudia mpaka mabapa yote yakubaliane. Mabapa yenye unene wa milimita 3 au 4 huzaa mchemraba wenye ukali wa karibu milimita 1.

Mbinu hiyo ilibuniwa kwa ajili ya ubongo, na siri yake ni dhana kwamba kinachosogea ni kitu kigumu kisichobadilika umbo. Kwa ubongo ndani ya fuvu dhana hiyo inafaa. Kwa uso haifai. Kijusi humeza, hupiga miayo, hutoa ulimi. Taya la chini huenda kwa njia yake wakati fuvu limetulia. Ukiilazimisha kompyuta kuuchukulia uso kama jiwe, kidevu hutoka na ukungu na ulimi hupotea. Ndiyo maana wahandisi, wakiwemo wa King's College London, wametengeneza programu zinazoruhusu tishu kunyumbuka. Yeyote anayesoma kipimo cha kidevu kilichotokana na MRI ya zamani akumbuke hilo kabla ya kukiamini.

Upungufu wa pili wa MRI ni mfupa wenyewe. MRI huona maji, na mfupa una maji machache, kwa hiyo huwa mweusi. Mwaka 2012 watafiti wa Oxford waligeuza upungufu huo kuwa faida: walipanga mashine ili tishu laini zote zifanane kwa ung'avu, mfupa ukabaki weusi unaotenganishika peke yake. Lengo lilikuwa kuwaepusha watoto na mionzi ya CT-Scan, yaani eksirei ya pande tatu, na wengine wamejaribu kuupeleka mtindo huo tumboni. Mifupa ya fuvu la kijusi ni myembamba sana, kwa hiyo mafanikio ni ya wastani. Matumaini yangu yako zaidi kwenye mashine za sumaku dhaifu ya 0.55 tesla, zilizojaribiwa London kwa wajawazito. Tundu lake ni pana, na kwa mama wa miezi minane hiyo si anasa.

CT-Scan ndiyo bingwa wa mfupa, na ndiyo isiyotakiwa tumboni, kwa sababu ya mionzi. Hata hivyo, Japani na Ufaransa hutumia CT ya kiwango kidogo cha mionzi mwishoni mwa ujauzito, panaposhukiwa kasoro nzito ya mifupa inayoweza kubadili uamuzi wa namna ya kuzalisha. Kwa utafiti wa ukuaji wa kawaida haiwezi kutumika, na haipaswi.

Waliofariki wana njia yao. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street mjini London imeendeleza CT ndogo yenye ukali wa mikroni kwa vijusi vilivyotoka mapema mno. Mwili hulowekwa kwenye ayodini kwa siku kadhaa, ayodini huingia kwenye tishu kwa viwango tofauti, na eksirei ikaweza kutofautisha msuli, gegedu na ubongo bila kisu. Kwa wazazi wasiotaka mtoto wao apasuliwe, njia hii imefungua mlango uliokuwa umefungwa, wakiwemo wale ambao imani yao inasisitiza mwili uzikwe mzima na mapema. Siku za kuloweka zinapishana na haraka ya maziko, hilo halijatatuliwa. Tena wanaopimwa hapa ni waliokufa, na kifo cha tumboni mara nyingi kina sababu iliyougusa ukuaji pia.

Ukishaipata michemraba, lazima uilinganishe, na hapa takwimu huchukua usukani. Kawaida ni kuweka nukta kwenye sehemu zinazotambulika za fuvu, kuondoa tofauti za mahali, mwelekeo na ukubwa, kisha kuona kilichobaki kama tofauti ya umbo. Joan Richtsmeier wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania amefanya kazi kubwa ya namna hii kwa panya wenye mabadiliko ya jeni FGFR2, yale yanayosababisha ugonjwa wa Apert kwa binadamu, na kuonyesha kwamba jeni hilo huupinda uso wote, si mshono ulioziba peke yake. Kwa kijusi cha binadamu nukta zinaleta kichekesho. Nukta maarufu ya utosini ni mahali ambapo mshono wa mbele unakutana na wa katikati. Kwa mtu mzima ni alama ya kalamu. Kwa kijusi pale pana uwazi wa utosi, hakuna mfupa, hakuna kukutana. Nukta haipo, na bado majedwali yanaidai. Watafiti makini huacha nukta za aina hiyo na kutumia uso mzima wa mfupa au vitovu ambapo mfupa huanza kuota. Wasio makini hukisia.

Licha ya vikwazo vyote, picha hizi zimewahi kuangusha nadharia. Kwa miaka mingi wanaanthropolojia walieleza kwamba sakafu ya fuvu la binadamu imepinda kwa sababu ubongo mkubwa ulihitaji kupakiwa mahali padogo. Nathan Jeffery na Fred Spoor waliipima sakafu hiyo kwa MRI kali kwenye vijusi vilivyohifadhiwa, kazi iliyochapishwa mwaka 2002. Kama nadharia ni kweli, pembe ilipaswa kukunjika kadiri ubongo unavyokua tumboni. Walichokiona ni kinyume: ubongo unaongezeka haraka na sakafu inanyooka. Nadharia haikufa, ila ilibidi itafute ushahidi mahali pengine.

Melvin Moss wa New York alikuwa na nadharia nyingine iliyotoka vizuri zaidi. Alisema mifupa ya kichwa haijiongozi, hufuata kinachokua ndani yake. Mtihani wake mkali ulikuja bila kutarajiwa. Virusi vya Zika, vilivyogunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, vililipuka Brazili mwaka 2015, na tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Picha za pande tatu za watoto walioathirika vibaya zilionyesha mafuvu yaliyoporomoka, mifupa ikipandana kwenye mishono na ngozi ya kichwa ikiwa na mikunjo ya ziada. Fuvu lilikuwa limeanza kukua kwa ukubwa wa kawaida, ubongo ukaharibiwa, msukumo ukaisha, likajikunja. Uso, usiotegemea msukumo huo kwa kiasi kilekile, ulibaki na ukubwa karibu wa kawaida, ndiyo maana sura za watoto wale zinaonekana kubwa kwa paji dogo. Mjini Rio de Janeiro timu ya Heron Werner ilichapisha maumbo hayo kwa mashine ya 3D, kama ilivyokuwa ikifanya kwa wazazi wasioona ili wamguse mtoto kabla hajazaliwa.

Sasa turudi kwenye ukuaji na kwenye nani anayeitwa wa kawaida. Kazi bora ya kufuatilia vijusi kwa muda ni INTERGROWTH-21st, iliyochapishwa mwaka 2014. Iliwapima wajawazito wenye afya zaidi ya 4,000 katika miji minane, Nairobi na Muscat ikiwemo, kila mmoja akirudi takriban kila baada ya wiki 5 hadi kujifungua. Hitimisho lao lilikuwa kwamba mama akiwa na lishe na afya nzuri, kijusi cha Nairobi na cha Oxford hukua karibu sawa, hivyo kipimo kimoja kinatosha dunia nzima. Mwaka 2017 utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliohusisha nchi 10, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikiwemo, ulipata tofauti kati ya nchi na nchi katika uzito wa vijusi. Ubishi haujaisha. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi kuhusu mzunguko wa kichwa na bado zisiwe zimesema lolote kuhusu uso, kwa sababu uso haukupimwa. Vipimo vikuu vya INTERGROWTH ni vitano: mzunguko wa kichwa, upana wake, urefu wake kutoka paji hadi kisogoni, mzunguko wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja. Michemraba ya utrasaundi iliyochukuliwa katika mradi huo imetumika, chini ya Ana Namburete wa Oxford, kujenga atlasi ya ubongo unaokua iliyochapishwa katika Nature mwaka 2023. Nionavyo, hiyo ndiyo njia ambayo uso nao ungepaswa kupitishwa.

Ushahidi kwamba uso wa Afrika Mashariki unastahili kipimo chake uko Mwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika PLoS Genetics uliwapiga picha za pande tatu za uso watoto na vijana wa huko zaidi ya 3,000, ukalinganisha maumbo na vinasaba vyao, na kuzitaja jeni SCHIP1 na PDE8A kuwa zinahusiana na ukubwa na umbo la uso. Mpaka hapo ramani nyingi za vinasaba vya uso zilikuwa za watu wenye asili ya Ulaya. Lakini hao wa Mwanza walikuwa wameshazaliwa. Walivyokuwa wiki ya 20 tumboni, hakuna aliyewapima.

Hii si hoja ya wasomi peke yao. Daktari anaposema kidevu cha mtoto ni kidogo au mfupa wa pua ni mfupi, analinganisha na jedwali, na jedwali likiwa la watu wengine, mama anaweza kubeba wasiwasi wa miezi minne usio na msingi, au asiambiwe jambo alilopaswa kuambiwa. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza utrasaundi angalau moja kabla ya wiki ya 24. Mama anayeipata moja tu asiitumie kutafuta picha ya kupendeza. Amuulize mpimaji kama mdomo wa juu umeonekana vizuri, kama umbo la kichwa ni la kawaida, na kama jibu ni la kutilia shaka, hospitali gani ya rufaa ina mtu anayejua kuitazama kaakaa.

Na vyuo vyetu vya tiba visingoje MRI za mabilioni ili vianze. Mashine za utrasaundi za pande tatu tayari ziko katika hospitali kadhaa za Nairobi na Dar es Salaam. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuhifadhi michemraba, kwa ridhaa ya akina mama, na kumwita mama yuleyule tena baada ya wiki 5. Mpaka hilo lifanyike, uso wa kawaida wa kijusi cha Afrika Mashariki tutaendelea kuukopa kwenye majedwali ya kwingine.